Ulimi wa Mke Mwenzangu

Nilikuwa nimepika moshi, ile pombe kali ya kienyeji, kwa miaka saba kabla mume wangu hajaleta nyumbani wiski ya kwanza ya Marekani, na bado hakunionjesha mimi. Alimwonjesha mke mdogo.

Mume wangu alikuwa mpishi wa Wazungu. Alikuwa mtu mrefu, msafi kupita kiasi, kucha zake zimekatwa kama za mwalimu wa shule. Tulioana kwetu, upande wa Bujora, kwa ng'ombe wa baba yake, tukahamia Mwanza alipopata kazi. Tulijenga Pasiansi, nyumba ya udongo ya vyumba vitatu chini ya majabali, na asubuhi ukifungua mlango ziwa lote liko mbele yako. Nilimzalia mabinti wawili. Mwaka wa tisa wa ndoa yetu alikwenda Ukerewe siku nne kwenye msiba wa rafiki yake, akarudi kwa meli na mke.

Sikupiga kelele. Mama yangu alikuwa wa pili kati ya wake watatu, kwa hiyo mambo hayo niliyakuta duniani. Nilimpokea yule binti mzigo wake, nikampa chumba cha upande wa jikoni, nikamwonyesha njia ya ziwani. Aliniita dada tangu siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mwembamba, ana mwanya, si mtu wa maneno mengi. Majirani walisema nimebahatika kupata mke mwenza mtulivu, na mimi mwenyewe nilikuwa nikilisema hilo kila nilipokwenda kuchota maji.

Moshi ilikuwa kazi yangu. Nyuma ya majabali nilikuwa na pipa, mrija wa shaba na karai la maji baridi ya ziwa. Nilivundika mtama na mahindi, nikakeneka taratibu kwa moto mdogo. Maji ya kwanza yanayotoka huwa yanachoma pua, hayo unayamwaga. Ya katikati ndiyo pombe. Ya mwisho yananuka kama kitambaa kibichi, nayo unayaacha. Polisi walinikamata mara moja tu, wakavunja pipa, nikatafuta jingine. Makuli wa bandarini walikuja kwangu, mafundi seremala walikuja, na karani mmoja wa bomani alikuwa akimtuma mtu kila Jumamosi na kikapu cha mayai, moshi yangu ikarudi chini ya mayai. Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu katika nyumba ile aliyeijua pombe kali, alikuwa mimi.

Miaka michache kabla ya Uhuru, bwana wa mume wangu alihamishwa, akaja Mmarekani. Alikuwa fundi wa mashine za vinu vya pamba, mtu mnene mwenye uso mwekundu na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Akapewa nyumba Kapripointi, yenye veranda ya kutazama ziwa. Baada ya wiki chache lilifika sanduku lake kwa meli ya kutoka Kisumu, na ndani yake, katikati ya majani makavu, zilikuwamo chupa za wiski za kwao, aina tano.

Wazungu wengine walikuwa wakifunga kabati la pombe kwa ufunguo. Kwa muda mrefu sheria haikumruhusu Mwafrika kugusa pombe kali ya Kizungu, na hata ilipoanza kulegea, mpishi aliyenukia wiski alifukuzwa bila kuulizwa. Mmarekani huyu hakufunga chochote. Jioni alikaa verandani na glasi mbili au tatu mbele yake, anaonja hii, anaonja ile, anaandika kwenye kidaftari. Siku moja alimwita mume wangu.

“Mpishi, wewe onja. Wewe sema.”

Mume wangu akaonja ya kwanza. “Nzuri, Bwana.”

Akaonja ya pili. “Nzuri, Bwana.”

Zote tano zikawa nzuri. Mmarekani akatikisa kichwa, akamwambia kwamba haiwezekani zote ziwe kitu kimoja. Akammiminia kidogo kidogo katika vichupa vitano vya dawa, akachora mistari ya penseli kwenye karatasi na kuibandika: mstari mmoja, miwili, mpaka mitano. Akamwambia aende navyo nyumbani, aonje polepole, kesho amletee maneno.

Lakini mume wangu hakuwa na ulimi. Hilo nilikuwa nalijua tangu tuoane. Alipika vizuri kwa sababu alifuata kijiko na saa. Ukimpa mchuzi uliokosa chumvi, atakula mpaka mwisho na kushukuru. Jioni ile alikuja nyumbani na vichupa vyake, na kwa kuwa ilikuwa zamu ya mke mdogo, aliingia kwa mke mdogo. Naweza kusema leo kwamba ilikuwa ni zamu tu, hakuna zaidi. Siku ile sikuweza kusema hivyo.

Nilikwenda chumbani kwake kuomba chumvi. Niliwakuta wamekaa mkekani, vichupa vimepangwa juu ya kigoda. Yule binti amefumba macho, kijiko kiko mdomoni. Mume wangu amemwinamia kama mtu anayesikiliza redio.

“Hii ina pilipili manga,” alisema yule binti. “Na nyuma yake kuna majani makavu ya malisho.”

“Na hii ya kwanza?”

“Sukari guru. Sukari guru iliyoshika chini ya sufuria.”

“Mnafanya nini?” nikauliza.

“Kazi ya Bwana,” akajibu mume wangu, bila kugeuka.

Nikachukua chumvi nikaondoka.

Kesho yake alimwambia Mmarekani maneno yale yale, kama yametoka kinywani mwake yeye. Mmarekani alipiga meza kwa furaha. Ile ya mistari miwili, alieleza, imepikwa kwa nafaka ya kwao iitwayo rai, ndugu yake ngano, na kila mtu kwao anaisifia hiyo pilipili. Ile ya kwanza ni ya mahindi matupu karibu yote, na utamu wake unatokana na mapipa ya mbao yaliyounguzwa ndani kabla pombe haijalazwa humo miaka na miaka. Kuanzia hapo, kila wiki vichupa vilikuja Pasiansi na maneno yalirudi Kapripointi. Mume wangu akapata sifa. Wageni wa Mmarekani walianza kumwita mpishi mwenye ulimi. Alinunuliwa kofia nyeupe. Alianza kutembea amenyanyua kidevu.

Kuhusu kitanda, wivu niliujua. Ulikuwa unakuja jioni na kuondoka asubuhi, nikishika jembe nausahau. Huu wa vichupa ulinikaa mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa motoni kwangu, tone linadondoka kwenye chupa, nawaza: sasa hivi wanacheka. Sasa hivi anamwambia habari za mapipa. Mimi hakuniambia kitu chochote cha kazini kwake kwa miaka tisa, ila kwamba shati lipigwe pasi. Nilimchukia yule binti kwa mwanya wake, kwa jinsi alivyofumba macho. Nilichukia hata kijiko, ambacho kilikuwa changu, nilikileta kutoka kwa mama.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza wazi.

“Mbona mimi hunionjeshi? Si mimi ninayepika pombe humu ndani?”

Alikuwa anavua viatu. Akacheka.

“Wewe ulimi wako umeshaungua na moshi.”

Akalala. Alikoroma kabla mimi sijazima taa.

Siku ya tatu baada ya hapo mke mdogo alikwenda ziwani kufua. Nikaingia chumbani kwake mchana kweupe, nikachukua vichupa kutoka nyuma ya sanduku la nguo, nikaonja vyote vitano kwa kidole. Nilikuwa nikiutazama mlango kama mwizi, na nilikuwa mwizi kweli. Ya kwanza, sukari guru, alisema sawa. Ya pili, pilipili, sawa. Ya nne ilikuwa kali kuliko zote, ilinitia ganzi ulimini, na ndani ya ukali ule niliikuta harufu ya ngozi mpya ya viatu. Lakini ya tatu na ya tano zilinishinda. Zote mbili zilikuwa laini, zote zilishuka bila kukwaruza. Nilionja tena, nikaonja tena, mpaka nikaogopa kwamba kiwango kitaonekana kimepungua.

Nilirudi siku nyingine, na nyingine. Nilijifunza kutia tone la maji, kama ninavyoijaribu moshi yangu. Nilijifunza kuipasha moto kiganjani na kuinusa kwa tundu moja la pua. Siku moja, bila kutarajia, ulimi wangu ukafunguka. Ya tano ilikuwa na asali na unga wa ngano. Ya tatu ilikuwa na mkaa. Si moshi wa kuni, ni mkaa safi, kama harufu ya chungu kipya ukitia maji ya kunywa mara ya kwanza, na nyuma yake ndizi iliyoiva sana. Baadaye nilimsikia mume wangu akimweleza mke mdogo kwamba ya tatu huko Marekani huichuja kwenye mkaa wa mti, tone kwa tone, kabla ya kuilaza kwenye mapipa. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha na ufagio. Nilifurahi mpaka nikaufinya ule ufagio.

Siku ile ile nilichoma mkaa wa mgunga, nikauponda, nikauosha, nikaujaza kwenye debe lililotobolewa chini, nikapitisha moshi yangu humo. Ilitoka laini. Makuli walishangaa, wakauliza nimeweka dawa gani. Niliwaambia ni maji ya ziwa.

Sikuweza kukaa kimya muda mrefu. Tulikuwa tunachambua dagaa, mimi na yeye, watoto wako nje. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

“Ya tatu na ya tano unazitofautishaje?”

Mikono yake ikasimama. Nilidhani atakasirika. Badala yake alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka na mimi.

“Dada, kumbe na wewe unaonja!”

“Kidogo tu.”

“Ya tatu nimehangaika nayo wiki mbili,” akasema. “Mpaka nilipoacha kuionja nikakinusa kichupa kitupu asubuhi.”

Basi tukaanza kuonja pamoja, mchana, mume akiwa kazini. Alinisimulia kwamba kwao mama yake alitengeneza pombe ya ndizi na bibi yake alikuwa mganga wa mizizi, na yeye tangu mdogo ndiye aliyeitwa kuonja kama maziwa yamechacha. Miezi ile miwili mitatu nilimpenda karibu kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nasema karibu. Maana kulikuwa na jambo lililonisumbua na halikuniacha. Yeye alisema vitu ambavyo mimi sikuvisikia. Alisema, “Hii ya nne ina harufu ya mtumbwi mpya, kabla haujaguswa na maji.” Nikanusa, na kweli, mtumbwi ulikuwa pale. Lakini haukuwapo mpaka yeye aliposema. Mimi niliposema ngozi ya viatu, yeye alinusa, akatikisa kichwa kwa upole, akasema, “Labda, dada.”

Na jioni maneno yaliyokwenda Kapripointi yalikuwa ya kwake.

Mwaka ule watu wote walikuwa wanazungumza habari za Uhuru. Mmarekani alipata barua ya kurudi kwao, na Jumapili moja aliandaa chakula cha mchana cha kuagana na watu wake wachache. Kulikuwa na Mwingereza wa bomani, aliyependa wiski ya Uskochi na kuidharau ya Marekani. Kulikuwa na mzee wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye hakunywa kabisa. Na kulikuwa na mwalimu mmoja Mwafrika, mtu wa chama, mwenye shati jeupe, ambaye miaka mitano kabla asingealikwa kwenye veranda kama ile.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo mume wangu alikuja nyumbani amekauka midomo. Alituita wote wawili, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Mwingereza alikuwa amemwambia Mmarekani kwamba mpishi wake amekariri tu, hawezi kutofautisha wiski na mafuta ya taa. Mmarekani akasema Jumapili ataonyesha. Mhindi, kwa kuwa hanywi na hana upande, atachagua chupa tatu kati ya tano na kumimina glasi tatu bila mtu kuona. Mpishi ataonja na kusema ni zipi.

“Mimi siwezi,” akasema mume wangu. Alikuwa anamtazama mke mdogo. Kisha akanitazama mimi kama mtu anayefichua siri. “Maneno yale ni ya huyu.”

“Najua,” nikasema.

Mke mdogo akasema, “Na dada anaweza.”

Mume wangu aliendelea kumtazama yeye. Tulikubaliana kwamba sisi wawili tutakwenda kumsaidia jikoni, kwa kuwa wageni ni wengi, na yeye atatafuta njia ya kuzileta glasi jikoni.

Jumapili ilikuwa ya jua kali. Tulipika samaki na kuku, tukaosha, tukapangusa. Baada ya chakula tulisikia viti vikivutwa. Mume wangu alikuwa amefikiri vizuri: alimwambia Mmarekani kwamba moshi wa sigara za wageni unamharibia pua, aruhusiwe kuonjea jikoni alikozoea.

“Jikoni kuna nini?” akauliza Mwingereza.

“Chupa zote ziko hapa mezani,” akasema Mhindi. “Mwache aende.”

Hakuna aliyetukumbuka sisi.

Akaingia na glasi tatu juu ya sinia. “Haraka,” akanong'ona.

Glasi ya kwanza tuliinusa tu. “Ya pili, ya rai,” tukasema kwa pamoja. Glasi ya pili tukaionja. “Ile kali. Ya nne.” Kwa pamoja tena, na yule binti akanigusa mkono kwa furaha.

Glasi ya tatu aliionja yeye kwanza. Akafumba macho. Akanipa. Mkaa ulinijia kabla glasi haijafika mdomoni, mkaa safi na ile ndizi. Hapakuwa na shaka yoyote.

“Ya tatu,” akasema yeye. “Ya mkaa.”

Mume wangu alikuwa anamtazama. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya kwanza mkekani, umeinama, unasikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na aproni yenye magamba ya samaki, naye hakugeuza macho kunitazama.

“Hapana,” nikasema. “Hii ni ya tano.”

Wote wawili wakanigeukia.

“Dada…” akasema yule binti.

“Mimi ndiye ninayepika pombe,” nikasema. “Mkaa ninaujua. Hapa hakuna mkaa.”

Mume wangu akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Nje mtu alikuwa anaita, “Mpishi! Umelala?” Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mkubwa. Labda kwa sababu nilisema kwa nguvu na mwenzangu akanyamaza. Alichukua sinia akatoka, midomo yake ikirudia: ya pili, ya nne, ya tano.

Tulisikia Mhindi akisema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Ya mwisho akasema hapana, kikafuata kicheko cha Mwingereza. Mmarekani alisema mbili kati ya tatu si vibaya hata kidogo, lakini Mwingereza alimkatiza, na alizungumza kwa Kiswahili ili aliyekusudiwa aelewe: “Mpishi na arudi kwenye masufuria yake.” Mwalimu wa chama akasema, kwa sauti ya taratibu kabisa, “Basi onja na wewe, Bwana, utuambie.” Mwingereza akaonja zote tatu akasema zote ni dawa ya mswaki. Watu wakacheka. Mume wangu hakukisikia kicheko hicho cha pili. Alikuwa amesharudi jikoni, amegeukia ukuta, anaosha vyombo tulivyokwisha kuviosha.

Tulirudi Pasiansi kwa miguu. Yeye alitangulia mbali, kofia nyeupe iko kwapani. Tulipofika karibu na nyumbani mke mwenzangu akasema polepole:

“Dada, ulijua.”

“Nilijua nini?”

“Basi,” akasema. 

Nyumbani mume alitukalisha. Akauliza ilikuwaje tukamponza. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu yule binti alinitangulia. “Tulichanganyikiwa wote wawili,” alisema. “Jikoni kulikuwa na joto.” Alisema uongo huo kwa ajili yangu, macho yake mkekani. Ilinipasa nimshukuru. Nilimchukia zaidi. Hata katika wema, nilijiambia, ananishinda.

Jumatatu mume wangu alimweleza Mmarekani ukweli, kwamba ulimi haukuwa wake, ulikuwa wa nyumbani, akamsimulia hata ubishi wa glasi ya mwisho. Nadhani alitaka aibu ile imtoke. Mmarekani alicheka mpaka akashika tumbo, akasema ni lazima amwone mwanamke huyo. Alhamisi gari lake likapanda mpaka kwenye majabali yetu, watoto wa mtaa mzima wakilikimbilia. Akaketi kwenye kigoda ambacho kilimtoshea nusu. Akatoa chupa, akamimina katika vikombe vyetu vya bati akiwa ametupa mgongo.

“Nani?” akauliza.

Mume wangu akamwonyesha mke mdogo. Yule binti akaonja kikombe baada ya kikombe na hakukosea hata kimoja. Cha mwisho akasema chupa yake imekaa wazi muda mrefu, imechoka. Mmarekani akatazama kizibo, akasimama, akampa mkono kama wanaume wanavyopeana.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni na nilikuwa nimekaa bila kitu cha kufanya, nilimletea moshi yangu. Nilitaka aone kwamba na mimi nipo. Nilimletea ile ya debe la mkaa, iliyokuwa bora. Akanusa. Akaonja. Akaonja tena, akatema kidogo nje ya mlango, akanitazama kwa muda.

“Wewe pika hii?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Wewe chuja kwa mkaa?”

Nilijisikia fahari imenipanda mpaka masikioni. “Ndiyo, Bwana. Mkaa wa mgunga.”

Akamgeukia mume wangu. “Nani alisema glasi ya Jumapili haina mkaa?”

Mume wangu akanionyesha kwa kidevu.

Mmarekani hakuwa na nia mbaya, nina hakika. Alikuwa fundi, alipenda vitu vikae mahali pake. Alisema, akitafuta maneno, “Mtu anapika hii, hawezi kosea hiyo.” Kisha aliona nyuso zetu, akamaliza kikombe chake, akaaga.

Gari lilipoondoka mume wangu alibaki mlangoni.

“Kwa nini?”

Nilikuwa na mwaka mzima wa kujibu swali lile. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

“Ulisema ulimi wangu umeungua.”

“Nilisema lini?”

Hakukumbuka. Nilimwangalia usoni nikitafuta kama anajifanya, na hakuwa anajifanya. Kilikuwa kijineno alichokisema akivua viatu.

Hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kula kwangu. Zamu yangu ilipofika alikuja, akalala amenipa mgongo, na chakula nilichopika nikawapa watoto. Mke mwenzangu alinisalimia kila asubuhi vilevile. Vichupa havikuja tena, maana Mmarekani alikuwa ameshapanda meli.

Uhuru ulipokuja tulikwenda wote uwanjani kutazama bendera, na mvua ilikuwa imenyesha, tumesimama kwenye matope. Kwenye nyumba ya Kapripointi aliingia ofisa Mwafrika, akamchukua mume wangu kuwa mpishi wake. Alikuwa mlokole, hakukuwa na chupa humo ndani. Muda si mrefu ofisa yule akahamishiwa Dodoma, akataka kwenda na mpishi wake, na nyumba ya mpishi ilikuwa ya chumba kimoja. Mume alisema atakwenda na mke mmoja kwanza. Hakusema ni yupi. Nilimwona mke mdogo anakunja nguo zake ndipo nikajua. Niliwasindikiza stesheni, nimembebea yeye sufuria. Alilia. Mimi nililia treni ilipokwisha kuondoka, na si kwa sababu ya kuachwa tu. Nilikuwa nawaza jioni zao za huko, katika chumba kimoja, anamweleza mambo ya kazini.

Walikaa huko miaka minne. Mume wangu alifia huko kwa ugonjwa wa figo, akazikwa huko huko, nami nilipata habari wakati matanga yamekwisha. Mke mwenzangu alirudi Pasiansi na mtoto wa kiume mkononi na masanduku mawili. Angeweza kwenda kwao Ukerewe. Alikuja kwangu.

Tulikaa siku saba kama wageni. Siku ya nane nilimwambia kila kitu, mpaka ule ufagio nilioufinya chini ya dirisha. Alinisikiliza akimnyonyesha mtoto. Aliposikia habari ya zamu na kijiko cha mama yangu, alisema, “Kumbe kilikuwa cha kwako. Ungekiomba.” Kwa yale mengine hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Kitu kimoja nilithubutu. Nilimuuliza kama huko Dodoma mume wetu aliwahi kunitaja.

Alifikiri, akimpapasa mtoto mgongoni. “Alikutaja kila siku wakati wa kula,” akasema. “Alisema ugali wangu haufikii wa kwako.”

Mume yule, mtu asiyejua hata chumvi iliyokosekana. Sikumwamini hata kidogo. Nilimwomba arudie.